Ganda la Risasi la Manjano

Marlys Niskala alisikia mlio nyuma ya misonobari na papo hapo akajua haukuwa wa kawaida. Ulikuwa mzito, na ndani yake mlikuwa na sauti ya chuma kinachochanika. Mbwa wao alibweka, kisha akanyamaza.

"Arvid! Nijibu!"

Alimkuta mumewe ameketi chini, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya kofia iliyolowa damu. Mbele yake ilikuwa bunduki ya mitutu miwili aliyoinunua wiki ileile, iliyotengenezwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtutu wa kulia ulikuwa umepasuka ubavuni, pale hasa mkono unaposhika.

"Kwale aliruka," Arvid alisema, midomo imemkauka. "Nikafyatua. Marlys, vidole vyangu viko wapi?"

Marlys alipiga magoti akapekua majani kwa mikono yake miwili, akiyafukua moja moja. Alikipata kidole kimoja. Hospitali ya wilaya haikuweza kukirudisha.

Hayo yalitokea Jumamosi ya Oktoba, kaskazini mwa Michigan, karibu na mji mdogo wa Tamarack Bend. Arvid alikuwa mwokaji. Mkate wake wa iliki ndio uliokuwa mezani kwa nusu ya mji. Tangu ujana alitamani bunduki ya kale ya kuwindia kwale, ile nyepesi inayokaa begani kama imezaliwa hapo. Alipofikisha miaka hamsini ndipo akaipata, dukani kwa Lyle Vanderhoof, mwenyekiti wa chama cha wawindaji, ambaye kila aliyeuliza habari za bunduki za zamani alielekezwa kwake.

Mpelelezi Dagny Ruona aliporudi kutoka likizoni Jumatatu, alikuta jambo limeshafungwa. Jalada liliandikwa: ajali. Pamoja nalo palikuwa na mfuko wa plastiki wenye ganda la risasi la manjano, limechanika ubavuni.

"Lyle ndiye aliyeliona," alieleza konstebo Brody. "Alijitolea kuja nami Jumapili kutazama mahali penyewe. Aliinama tu, akaliokota. Hili ni ganda la namba ishirini, Afande. Bunduki ya Arvid ni ya namba kumi na mbili, yenye mtutu mpana zaidi. Ukikosea ukaitia ya ishirini, inateleza mbele na kukwama. Unadhani hujapakia, unaweka nyingine nyuma yake. Ukifyatua, mtutu unalipuka."

"Na nani anayetumia namba ishirini?"

Brody alikohoa. "Mkewe."

Dagny alilitoa ganda mfukoni. Katikati ya kitako chake palikuwa na kishimo kidogo cha mviringo, kama kilivyo kwenye ganda lolote lililopigwa. Alilirudisha, akaomba bunduki. Alipopitisha kidole kwenye ukingo wa chuma kilichopasuka, glavu yake ilikatika.

"Jalada hili halijafungwa," alisema.

Alianza kwa Reino Tervo, jirani aliyezijaza mwenyewe nyumbani risasi alizotumia Arvid. Mjini wapo waliokuwa wakimnong'ona.

"Njoo, nifunge pingu kabisa!" Reino alifoka mlangoni. "Mimi nimwekee Arvid baruti nyingi? Mtu aliyesimamia ubatizo wa binti yangu?"

"Sijasema hivyo, mzee. Nipe zilizobaki."

"Chukua zote! Zipasue, zipime. Nilizijaza baruti kidogo kwa makusudi, maana bunduki ile ni kikongwe."

Maabara ya jimbo ilizipasua. Baruti ilikuwa ndogo kuliko ya risasi za dukani.

Kwa Marlys palikuwa pagumu zaidi. Hakumkaribisha hata kahawa. Alisimama jikoni, bunduki yake ya namba ishirini ameshaifunga kwenye blanketi.

"Iondoe humu ndani," alisema. "Lyle alinieleza yote mbele ya watu, kanisani. Vizibao vyetu vinatundikwa msumari mmoja. Risasi yangu iliingia mfukoni mwake. Mimi ndiye niliyemkata mume wangu vidole."

"Arvid anasemaje?"

"Hasemi kitu. Ananitazama tu. Ningependa anitukane."

"Siku ile ulifyatua?"

"Hata mara moja."

"Ganda hili uliliona pale chini?"

Marlys alilitazama. "Dada, mimi nilikuwa natafuta vidole. Majani yote pale ni ya kahawia, na niliyageuza yote. Kitu cha manjano kama hiki ningekiona."

"Mbona hukusema?"

"Nani angenisikiliza? Lyle ndiye mtaalamu."

Arvid, mkono umefungwa bendeji, alizungumza kwa sauti ya chini hospitalini. "Swali la kwanza nililomwuliza Lyle lilikuwa kama ni salama. Akainua mitutu kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ilikuwa inang'aa kama kioo. Akaniambia, 'Utawinda nayo mpaka uwaachie wajukuu.' Alisema imetoka kwenye mnada huko Ohio."

Ohio ni mbali. Lakini kwenye kitako cha mbao cha bunduki ile, palipokuwa na ufa, fundi fulani alikuwa amepachika kipande cha pembe ya kulungu mkubwa wa kaskazini, chenye umbo la almasi. Dagny alikipiga picha, akaenda nayo kwa wazee wa vijiji vya jirani. Siku ya pili, mjane Impi Salmela aliiweka picha ile kifuani.

"Hiyo pembe aliichonga marehemu wangu. Bunduki yetu hii!"

"Ulimwuzia nani, bibi?"

"Lyle, majira ya kuchipua. Nikamwambia waziwazi: ndani imeliwa na kutu, mashimo tele, mume wangu aliacha kuipiga miaka na miaka. Ni ya kutundika ukutani. Akanijibu, 'Ndiyo, mama, itakuwa pambo la duka.'"

Alhamisi mchana Dagny aliingia dukani kwa Vanderhoof. Nyuma yake waliingia Arvid na Marlys; bibi Impi alibaki kwanza garini na Brody.

"Karibuni," Lyle alisema, akamgeukia Marlys kwa huruma ya kujionyesha. "Mama, usijiumize roho. Wanawake na risasi, mambo hutokea."

"Bwana Vanderhoof," Dagny alisema, "nifundishe. Ile ya manjano ilikwama wapi?"

"Mbele, ndani ya mtutu. Inavuka sehemu ya kupakilia, inanasa."

"Kwa hiyo pini ya kufyatulia haikuigusa?"

"Itaigusaje? Nyuma yake kuna risasi nyingine. Pini inapiga ile ya nyuma." Alicheka. "Hilo hata mtoto anajua."

Dagny aliliweka ganda juu ya meza, kitako juu. "Basi nani aliyeipiga hii?"

Lyle aliinama. Kicheko kilitoweka usoni mwake.

"Ina alama ya pini," Dagny alisema. "Ilifyatuliwa kwenye bunduki ya namba ishirini, kama kawaida, kisha ikachanwa kwa koleo. Marlys hakufyatua siku ile. Uliiokota kwenye pipa lako la taka, ukaenda nayo msituni."

"Huo ni upuuzi. Mitutu ile ilikuwa safi!"

"Ilikuwa safi kwa sababu uliikwangua kutu mpaka ukaondoa chuma chenyewe. Maabara imepima. Imebaki nusu ya unene."

Mlango ulifunguliwa. Bibi Impi aliingia taratibu akiwa na Brody, akasimama mbele ya meza.

"Nilikwambia iue watu, Lyle? Nilikwambia ukutani!"

Lyle alijifuta jasho. "Hakuna anayenunua pambo! Ikiwa na mashimo ni chuma chakavu. Iking'aa, wanaigombania. Nilidhani ingehimili. Zimehimili nyingine..."

"Mwongo mkubwa we!" Sauti ya Arvid ilipasuka. "Vidole nimepoteza, basi. Lakini ulimwacha mke wangu aamini ni yeye. Kanisani, Lyle! Ulimshika bega ukamwombea!" Akamgeukia Marlys, machozi yanamtoka. "Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa nakuogopea, sikujua niseme nini."

Marlys alikuwa anamkazia macho Lyle. "Umesema nyingine. Zipi nyingine?"

"Moja tu," Lyle alinong'ona. "Nilimwuzia Tor Bjerke, wa Mill Road."

"Mpigie simu," Dagny alisema. "Sasa hivi, weka spika."

Aliyepokea ni mke wa Bjerke. "Tor? Ametoka tangu asubuhi. Yuko kwenye vichaka vya kijito na bunduki yake mpya. Kuna nini?"

Dagny alikuwa ameshamwashiria Brody amfunge Lyle pingu. Marlys alimshika Dagny mkono. "Vichaka vile navijua. Twende."

Gari lilikwenda kwa kasi, king'ora kinalia, mpaka njia ilipokwisha. Wakakimbia kwa miguu wakiita jina lake. Walimkuta uwazini, mbwa wake amesimama kama sanamu, pua imeelekea kichakani, na yeye ameshainua bunduki begani.

"Shusha!" Marlys alipaza sauti. "Shusha hiyo!"

Kwale aliruka kwa kishindo cha mabawa. Bjerke aligeuka kwa hasira, mtutu ukatazama juu.

"Mama, una wazimu? Umenifukuzia ndege!"

Marlys alimfikia akihema, akaichukua bunduki mikononi mwake, akaifungua na kuzitoa risasi zote mbili. Kisha akaketi chini kwenye majani na kulia kwa sauti, na Bjerke akabaki amesimama kando yake, hajui la kufanya na mikono yake mizima.