Ngozi Isiyokauka

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa fundi wa ngozi. Uani kwake kulikuwa na mapipa ya kulowekea, meza ya kuparia nyama na manyoya, na fremu za mbao za kuwambia ngozi zikauke.

Hakuipima ngozi kwa mkono. Alisema viganja vya fundi vimekwisha kufa ganzi. Alinyoa shavu la kulia kwa wembe, akaliegemeza kwenye ngozi, akafumba macho. Shavu ndilo lililomwambia kama bado kuna unyevu.

"Shemeji, wewe ukiwambwa asubuhi, saa sita umekauka," alinitania siku moja. "Mwili mzima huna mafuta ya kukaangia hata yai."

Tulikuwa tunacheka mchuuzi alipoingia na ngozi ya kibudu, yaani mnyama aliyekufa bila kuchinjwa. Alisema ng'ombe huyo alianguka malishoni akafa palepale, damu ikamtoka puani, nyeusi, isiyoganda. Shemeji hakuuliza zaidi. Ngozi ilikuwa pana na haina kovu. Akaikung'uta vumbi, akaipara, akaiwamba.

Jua lilikuwa kali. Ngozi zilizowambwa baada yake zilikauka zikakakamaa kama mbao. Ile ilibaki laini. Kila mchana alinyoa shavu, akaliegemeza, akatikisa kichwa.

"Bado. Tena ina joto."

"Jua hilo."

"Hapa kivulini, shemeji?"

Nilisogeza kiganja bila kuigusa. Joto lilinifikia.

Kisha kipele kikamtoka shavuni. Kiliwasha kama alama ya mbu. Kikawa lengelenge, likapasuka, katikati pakawa peusi kama mkaa. Uso ukavimba hadi jicho likafumba. Majirani walikiita jipu. Halikuwa jipu. Jipu huuma, na kile kidonda hakikuuma hata kidogo.

Hapo ndipo aliponishinda. Nilimsihi aende hospitali, akacheka. Nikamsihi tena. Mtu atapelekaje kwa daktari kitu kisichomuuma, aliniuliza. Nilichoka, nikaacha.

Dada yangu alinivuta jikoni.

"Kaka," alinong'ona, "ile ngozi inapumua."

"Ni upepo."

"Upepo gani unaovuta na kutoa?"

Tulisikiliza. Uani hakukuwa na mtu wala mnyama. Pumzi ilikuwa ndefu. Nzito. Ya kiumbe kilichochoka.

Shemeji alipoanza kutetemeka kwa homa na kubanwa kifua, sikumsihi tena. Nilimbeba.

Daktari alilitazama shavu, akauliza kazi yake.

"Hiki ni kimeta," alisema. "Vimelea vyake hutoka kwa mnyama aliyekufa kwa ugonjwa huu, hukaa kwenye ngozi yake muda mrefu sana. Shavuni vimeingia penye mikwaruzo ya wembe. Kama vingeishia hapo, na mngemleta mapema, dawa ingevimaliza. Lakini amevuta na vumbi. Vimefika mapafuni, sumu yao iko kwenye damu."

"Nisimguse?" dada yangu aliuliza.

"Kidonda tumekifunika. Mshike mkono, mama."

Alimshika. Shemeji akanigeuzia jicho lililobaki wazi.

"Imekauka?"

"Imekauka," nilisema.

"Mwongo." Nusu ya uso wake ilitabasamu. "Naisikia."

Pumzi zake zikawa ndefu. Nzito. Nilizitambua. Mchana zikakoma.

Baada ya maziko, watu wa idara ya mifugo walikuja wamejifunika pua. Waliichoma ile ngozi, wakanyunyiza dawa, wakatandaza chokaa uani kote hadi kizingitini. Nilifunga nyumba kwa kufuli, ufunguo nikautia mfukoni. Dada yangu akahamia kwetu.

Tuliporudi kuchukua nguo zake, kufuli lilikuwa limefungwa. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Kwenye chokaa palikuwa na nyayo za kwato. Zilianzia katikati ya ua, palipochomewa ngozi. Hapakuwa na zozote kutoka langoni. Zilikwenda moja kwa moja mlangoni.

Nilifungua. Zilikuwa sebuleni, nyeupe juu ya saruji. Zilipita meza. Zilipinda vizuri kwenye kona, kama za mwenyeji. Ziliingia chumbani, zikakoma kando ya kitanda, upande aliokuwa akilala shemeji.

Dada yangu alizitazama mpaka mlangoni, akazitazama tena mpaka kitandani. Akanishika mkono.

"Kaka," alinong'ona. "Za kutoka ziko wapi?"