Kitanda cha Nne

Blanketi la nne lilikuwa limelowa, na mvua haikuwa imenyesha.

Fundi cherehani aliligundua asubuhi, akipita sebuleni na beseni la nguo. Yeye na mumewe walikuwa wanajiandaa kwenda kukaa siku chache kwenye kambi ya vibanda vya wageni milimani, na kila msafiri alikuwa ameshonewa blanketi lake, likakunjwa juu ya mkeka karibu na mlango: la baba, la mama, la binti yao Chiriku lenye bata wa njano, na la Jenerali. Matatu yalikuwa makavu. La Jenerali lilikuwa linachuruzika, na lilinuka majivu yaliyonyeshewa.

Jenerali alikuwa amekufa. Alikuwa kifungua mimba, mvulana aliyeamrisha nyumba nzima mpaka baba yake akampa cheo. Homa ilimchukua kabla ya safari ya mlimani aliyoahidiwa, na aliidai safari hiyo mpaka sauti ilipomwisha. Kwa hiyo mume aliposema, "Twende mlimani, Mama Chiriku, angalau mtoto apumue, nyumba hii inamkaba," fundi alipiga simu kambini mwenyewe. Mlinzi wa kambi akauliza wako wangapi. Akajibu wanne. Tena akaomba kitanda cha nne kiwekwe karibu na dirisha. Hesabu aliijua vizuri. Ulimi wake ndio uliokataa kusema watatu, na moyo ukauunga mkono. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mumewe alipoliona blanketi la nne kwenye cherehani aligeuka akaendelea kufunga mabegi.

"Labda Chiriku kamwaga maji," alisema sasa, akilikamua mlangoni.

"Mtoto bado kalala. Usimsingizie."

Likaanikwa juani. Kesho yake lililowa tena.

Chiriku naye hakupewa jina lake bure. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea usingizini. Lakini siku hizo alianza kunyamaza katikati ya maneno, kama mtu anayempisha mwenzake, kisha akaendelea.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na Jenerali. Anasema begi langu zito, nipunguze vitu." Akaendelea kumsuka mwanasesere wake. "Anasema huko chumba ni kidogo, mama. Anasema hatutatosha."

Mama mwingine angepiga kelele hadi majirani wajae. Fundi alifurahi. Akaenda kujifungia chumbani, akalia kwa kitambaa mdomoni ili mumewe asisikie. Kuanzia hapo akawa anaacha mlango wa chumba cha watoto wazi kidogo, anasimama nje anasikiliza. Na kweli alisikia. Ilikuwa sauti ya mwanawe, ile ile ya kuamrisha, ila ilitoka chini chini, kama mtu anayeongea akiwa na tope mdomoni.

Huku mtoto aliye hai anapungua. Mikono ya Chiriku ikawa ya baridi hata akikaa juani. Midomo ikabadilika rangi. Sauti yake ikapwaya, na kadiri ilivyopwaya, ile nyingine ilizidi kunenepa.

"Mama Chiriku," mumewe alimnong'oneza jikoni, macho yakiwa mlangoni. "Tuahirishe safari. Kuna kitu humu ndani. Jana nimekanyaga majimaji toka mlangoni mpaka kitandani kwa mtoto."

"Ni yeye. Karudi."

"Mke wangu, nakuomba. Tumemzika kwa mikono yetu."

Jioni hiyo mume alitoka kutafuta daktari wa mtoto, na jua lilipokuwa linazama fundi akakiona. Kilisimama kwenye korido kikiwa kimejifunika blanketi kichwani, maji yakidondoka kwenye sakafu, na kwa kuwa alikuwa fundi, na vipimo vya mwanawe alivijua kuliko alivyojua umri wake mwenyewe, macho yake yaliteremka yenyewe kwenye pindo, kwa sababu blanketi lile alilikata limfunike Jenerali kuanzia utosini hadi vidoleni, na sasa liliishia juu ya magoti, na magoti yale yalikuwa membamba na marefu na ya kijivu, na kilichokuwa ndani kikasema kwa sauti ya mwanawe, kwa upole kabisa, "Mama, tunaondoka lini?"

Akakimbilia chumba cha kushonea, akafunga mlango, akapiga simu kambini.

Mlinzi wa kambi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, huyo wa nne yuko hai?"

Fundi akaanza kusema ndiyo, akaishia kulia.

"Ungeniambia, mama yangu. Hapa mlimani hatumtandikii mtu asiyekuja. Kuna jini la huku, kitanda kitupu kwake ni mwaliko. Nimekitandika, na kila asubuhi nakikuta kimelaliwa. Sasa limemfuata aliyelialika."

"Nifanye nini? Binti yangu anakwisha!"

"Mimi nakitandua huku. Wewe kunja blanketi lake, ulitie moto, useme kwa mdomo wako: fulani haji. Umtaje kwa jina, mama. Usipotaja, lenyewe litachagua."

Alitoka. Korido ilikuwa tupu, blanketi limelala sakafuni. Alilikunja huku mikono inamkataa, akalipeleka uani, akalimwagia mafuta ya taa. Chumbani Chiriku alikuwa anaimba kwa sauti yake ya kukwaruza. Fundi akawasha kiberiti.

Nyuma ya sikio lake kitu kikasema, "Mama, usinikunje. Uliniahidi."

Alijua si yeye. Naapa alijua. Lakini sauti ilikuwa yake, na jina lile alilotakiwa kulitaja ndilo alilokuwa ameliita kila asubuhi kwa miaka, na kulitaja sasa pamoja na neno "haji" kulikuwa kumzika mara ya pili, peke yake, bila wa kumshika mkono, na alifungua mdomo akaufunga, akaufungua tena, moto unamfikia vidoleni, mpaka alipoachia kiberiti akalia, "Mmoja haji! Mmoja wa wanangu haji, basi, tuache!"

Blanketi likashika. Baridi ikaondoka uani kwa mkupuo mmoja. Harufu ya majivu yaliyonyeshewa ikakatika. Fundi akakaa chini akacheka na kulia kwa pamoja, akamshukuru Mungu.

Ndipo akagundua kwamba wimbo wa Chiriku umekoma. Akakimbilia chumbani.

Kitandani kwa Chiriku alikuwa amekaa mvulana, mkavu, mzuri, wa kimo kile kile alichokijua. Alikuwa na blanketi la bata wa njano mapajani. Alikuwa analikunja taratibu, pembe kwa pembe, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Chiriku haji," alisema.

Simu ikaita mfukoni mwa fundi, akaipokea.

"Mama?" Mlinzi wa kambi alikuwa anahema. "Mama, nimeshakitandua kile kitanda, na kibanda nimekifunga kwa kufuli. Sasa humo ndani kuna mtoto wa kike. Anaongea tu, haachi. Anasema anasikia baridi, na anauliza mtakuja lini."