Nzi Niliowahamisha Kizimba

Natimiza miaka thelathini na sita mwaka huu. Hapa Kagongwa nauza nafaka, na watu huniita Baba Limi kwa heshima. Heshima gani! Nisikieni kwanza, wasomaji wenzangu...

Miaka kumi iliyopita nilikuwa kibarua kwenye kituo cha kilimo huko Shinyanga. Kazi yangu ilikuwa kutunza nzi weupe, wale wadudu wadogo wanaoeneza batobato, ugonjwa wa mihogo. Tuliwafuga kwenye vizimba viwili vya chandarua: kimoja nzi wa kwetu Geita, kingine nzi wa hapo hapo. Bwana shamba, mtu mpole aliyenipenda kama mdogo wake, alinionya kila mara kwamba kwa macho ni wamoja, lakini koo zao ni mbalimbali, na wale wa Geita ndio wakali. Tulikuwa tunajaribu muhogo mpya. Ukiwastahimili wa Geita, pingili zake zingepelekwa kijijini kwetu.

Tamaa mbaya jamani! Niliposikia Bulyanhulu watu wanapata dhahabu, nilitoroka wiki nzima. Nilirudi mikono mitupu, nikakuta mihogo ya kizimba cha Geita imekauka na nzi wote wamekufa!

Ningesema, si ningefukuzwa? Basi nikapanda mingine, nikahamishia humo baadhi ya nzi wa kizimba cha pili. Nilijiambia, nzi ni nzi tu...

Muhogo mpya ukajaribiwa kwa nzi hao, ukastawi. Pingili zikaenda Geita. Mama yangu aling'oa mihogo yake yote ya zamani akapanda hiyo, kwa kuwa mwanawe yuko kituoni!

Haukupita muda majani yakajikunja, yakaingia mabaka ya njano. Mizizi ikawa kama vidole. Njaa ikaingia. Lawama zote zilimwangukia bwana shamba, akaachishwa kazi. Alinishika mkono akiniaga, akaniomba radhi kwa shida ya kwetu. Mimi! Nikambebea begi lake hadi kwenye basi.

Nilipofika nyumbani, udaga, ile mihogo mikavu ya kusaga unga, umekwisha, mama amekonda. Jirani akasema mbele yangu kwamba huenda nilijua. Mama alikuja juu!

"Mwanangu angejua, angeniambia."

"Mayu, mama yangu..." nilianza, machozi yakanilenga. Akadhani ni njaa, akanisogezea mlenda wake.

Ndugu zangu, ukikosea kazini sema siku ile ile, hata ufukuzwe. Usingoje kama mimi. Mama alifariki mwaka jana, na hadi mwisho alikuwa bado ananitetea.