Notisi Yenye Sahihi ya Jory

"Nimekuja kukagua nyumba kabla hujahama," alisema yule mama mlangoni, mvua ikimchuruzika kwenye kofia.

"Kuhama kwenda wapi?"

"Wewe si Tamsin Rowse?"

"Ndiye mimi. Na sihami."

Alitazama karatasi zake, akanitazama tena. Alijitambulisha kuwa ni Bi. Angove wa ofisi ya nyumba za halmashauri. Nyuma yangu, jikoni, nilisikia kikombe kikiwekwa mezani polepole. Jory alikuwa kule anakula mkate wangu wa zafarani.

Jory ni baba wa binti yangu, Kerra. Alituacha miezi minane iliyopita akahamia mji wa Truro kwa Melyn, mwanamke wa saluni. Nililia, kisha nikafanya kila linalotakiwa. Nilitoa taarifa ofisi ya misaada ya serikali kwamba tumeachana, nikafungua maombi yangu peke yangu, wakaanza kunilipia kodi kama mama anayelea mtoto peke yake. Jambo moja tu sikuligusa, jina lake kwenye mkataba wa nyumba. Nilijiambia, mtu akishaondoka ameondoka. Ujinga ule bado unaniuma.

Kisha wiki nne zilizopita akarudi na maua. "Tam, nilipotea. Nipe nafasi." Nami nilikuwa bado nampenda, nitasema nini? Akawa analala kwangu siku mbili kwa wiki. Siku nyingine alifika asubuhi kabla ya tarishi. "Mpeleke Kerra shule bila haraka, mimi nipo," aliniambia. Nilimwona mwanamume aliyebadilika.

"Wamekosea nyumba," Jory alipaza sauti kutoka jikoni. "Mwambie aende zake, mpenzi."

Bi. Angove alishtuka. "Huyo ni nani?"

"Jory Tregear."

Uso wake ulibadilika. Alitoa karatasi akanigeuzia nisome. Ilikuwa notisi ya kuvunja mkataba, na chini yake sahihi ninayoijua kuliko yangu.

"Mkataba ni wenu wote wawili," alisema taratibu. "Mmoja akitoa notisi ya wiki nne, mkataba wote unakufa. Unakwisha Jumapili hii."

"Mimi sikusaini kitu!"

"Sheria haihitaji sahihi yako, Bi. Rowse. Na notisi haifutiki, hata yeye akitaka. Tulikuandikia barua mbili. Hukuzipata?"

Barua! Alikuwa anawahi tarishi. Nilitazama tarehe ya notisi. Aliisaini Jumatatu, maua yakaja Jumatano.

"Nifanye nini?" niliuliza.

"Unaweza kuomba mkataba mpya kwa jina lako. Una mtoto, hilo linasaidia. Lakini watachunguza kama kweli unaishi peke yako, na kama ofisi ya misaada inajua ukweli wote." Alitupa jicho kuelekea jikoni. "Unanielewa?"

Nilimwelewa vizuri mno. Alipoondoka nilifunga mlango nikabaki nimeushika.

"Kwa nini, Jory?"

"Usianze." Alikuwa bado ameketi. "Siwezi kupewa nyumba Truro wakati jina langu limekwama hapa. Melyn ana mimba. Ungefanya nini wewe?"

"Ningekwambia! Na Kerra je? Alale wapi?"

"Watakupa chumba mahali. Mama na mtoto hawaachwi barabarani."

"Na maua yale? Kulala kwangu?"

Simu yake iliwaka mezani, nikaiwahi. Melyn alikuwa ameandika: "Amejua? Vumilia, zimebaki siku tatu tu."

Alininyang'anya. Akasimama karibu sana, akaongea kwa ile sauti ya upole aliyonitongozea.

"Sikia, Tam. Ukienda kunisema, na mimi nasema. Nitawaambia nalala hapa, tunakula pamoja, ni mke na mume. Msaada wote wanakata. Utaitwa mwizi, na nyumba hupati. Kaa kimya, Jumapili ipite, kila mtu ashike njia yake."

Basi ndiyo maana alilala kwangu. Niliona aibu, maana jana tu nilimpigia pasi shati.

Nilichukua simu yangu.

"Unampigia nani?"

Sikumjibu. Muziki wa kusubiri ulicheza dakika ishirini na mbili, naye akinizunguka. Kwanza alitukana, kisha akabembeleza. "Tam, nakupenda, wallahi nilichanganyikiwa." Nikaweka simu sauti ya juu.

"Ofisi ya misaada, nikusaidie nini?" Sauti ya kijana aliyechoka.

"Naitwa Tamsin Rowse. Nataka kueleza jambo kabla mwingine hajalieleza. Baba wa mtoto wangu amekuwa akilala kwangu."

"Mara ngapi?"

"Mbili kwa wiki, kwa wiki nne."

"Anachangia matumizi?"

"Hata majani ya chai hachangii."

"Ana makazi mengine?"

"Truro, kwa mwanamke mwenye mimba yake. Yuko hapa, muulize."

Jory alitikisa kichwa kwa nguvu, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Kwa maelezo yako mwenyewe," kijana aliuliza, "mnaishi kama wapenzi?"

Nilimtazama Jory akifunga kamba za viatu.

"Hapana. Mimi nilikuwa nampenda. Yeye alikuwa anangoja siku ziishe."

Nilimsikia akianza kuandika. Mlango wa nyuma ulibamizwa.

Walinichunguza wiki saba. Wiki saba nilikaa kwenye nyumba isiyo yangu, nikishtuka kila mlango ukigongwa, nikimdanganya Kerra kwamba mabunda ya nguo niliyofunga tayari kuhama ni usafi tu. Mwishowe Bi. Angove akanipigia nifike ofisini.

Nikiwa kwenye foleni, ujumbe uliingia. "Tam, Melyn kanitimua. Naomba hata sofa, siku mbili tu." Sitadanganya, moyo uliruka. Jinga hili la moyo! Niliusoma mara mbili.

"Bi. Rowse?" Zamu yangu ilikuwa imefika, na Bi. Angove alikuwa ameinua kalamu juu ya mkataba mpya. "Kuna mtu mwingine wa kuandikwa hapa?"

"Hakuna," nilisema, nikapokea kalamu.