Mgambo wa Bertilla

Kila asubuhi Bertilla alikoroga uji, akakama mbuzi, akaenda shambani Milanzi kufukia majani kwenye ntumba, yale matuta ya duara. Hiyo ilikuwa kabla ya mwaka 2011. Mwaka huo vidole vyake vilivimba. Hata mwiko ulimshinda.

"Ni ule ugonjwa," shemeji yake Kalisti alinong'ona, mpaka jirani akasikia.

"Nimepima, sinao. Wewe umepima lini, shemeji?"

Kalisti akakumbuka ana ng'ombe wa kufunga. Lakini aliacha neno: asiyelima msimu ujao, shamba lake la ukoo atapewa yeye Kalisti.

"Halitoki!" alisema Bertilla.

Mumewe, Zenon, alileta dawa ya mnadani. Muuzaji alitangaza kwa spika: inaongeza kinga! Bertilla akamaliza chupa tatu. Magoti nayo yakavimba.

Jirani yao Fransiska, muuguzi, aliitazama chupa akacheka.

"Dada, kinga unayo tele. Ila imekosea nyumba. Kinga ni kama mgambo. Wako wameacha wezi, wanavunja viungo vyako mwenyewe."

"Kumbe nilikuwa nawapikia ugali!"

"Na nyama juu. Twende hospitali."

Daktari alisema ni baridi yabisi, akampa vidonge. Miezi ikapita, vikashindwa. Akampa rufaa hospitali kubwa. Huko, kwa mpango wa msaada, alipata dripu ya kingamwili, aina ya protini ya kinga, iliyotengenezwa kiwandani.

"Inafanyaje kazi?" aliuliza Zenon.

"Chembe za kinga zina vipokezi, kama masikio ya kusikia amri," alieleza Fransiska. "Dawa inaziba masikio hayo. Amri ya kushambulia haifiki. Wagonjwa wengine wa saratani nao hupewa dripu za kingamwili, ila si hii."

"Basi nimepona?" aliuliza Bertilla.

"Hujapona. Umewatuliza mgambo tu. Dripu kila mwezi. Na kwa kuwa mgambo wamezibwa masikio, mwizi wa kweli anaweza kuingia. Ukipata homa au kikohozi, njoo siku hiyo hiyo. Ndiyo maana walikupima kifua kikuu kwanza. Na chupa za mnadani, mwiko!"

Mwezi wa tatu wa dripu, vidole vilianza kukunjika tena bila maumivu. Mvua zilipokaribia kuisha, Kalisti alifika shambani na jembe lake jipya. Alimkuta Bertilla amekwisha kuinua ntumba kumi na mbili.

"Shemeji, karibu," alisema Bertilla bila kuinuka. "Umekuja kusaidia? Anza pale kwenye majani marefu."

Kalisti akaanza.