Nozeli Nne za Mwalimu

Saa sita mchana mtaa wa vipuri ulikuwa umefurika. Wachukuzi walipita na giaboksi mabegani wakipiga kelele, "Pisha, pisha, utachafuka!" Nyundo zililia, redio tatu zilishindana, na harufu ya grisi ilikuwa imetanda hadi kooni. Katikati ya vurugu hiyo alipita dada mmoja wa miaka thelathini, bwelasuti ya kijani, kilemba chekundu, glasi ya chai mkononi, akirudi dukani kwake. Mtaa mzima ulimwita Mizani, kwa sababu hakuwahi kuuza kitu bila kukipima, hata kama mteja alikuwa na haraka ya kufa mtu.

Alipofika kwa jirani yake akamwona mwanamume ameinama juu ya kaunta, ameshika nozeli nne, zile za kupulizia petroli ndani ya injini, kwa viganja viwili kama mtu aliyebeba vifaranga. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, tai ameikunja ameitia mfukoni, na suruali yake ilikuwa na vumbi la chaki.

"Hizo ukizifunga, kaka, gari lako halitafika nyumbani." Maneno yalimtoka Mizani kabla hajajizuia.

"Mizani!" Jirani alifoka. "Mimi huja kwako kukufukuzia wateja?"

"Nisamehe, jirani. Ulimi hauna mfupa." Akaendelea na safari yake, uso umemwaka kwa aibu.

Kabla hajamaliza funda la kwanza la chai, yule mwanamume akawa mlangoni.

"Kwa nini halitafika?"

"Mwalimu, mimi nimeshamuudhi jirani yangu. Yaishe."

"Umejuaje mimi mwalimu?"

"Chaki haijifichi. Haya, gari gani?"

Akaeleza. Lilikuwa gari la marehemu baba yake, dogo, jekundu, injini ya elfu moja na mia sita. Yeye na mjomba wake walikuwa wameifunga turbo ili wakashindane kwenye mbio za magari, Jumapili moja ya mwezi ujao, katika uwanja wa zamani wa ndege. Turbo iliingiza hewa tele, lakini nozeli za kiwandani hazikuweza kumimina petroli ya kutosha. Kila akikanyaga, gari linakohoa.

"Unataka nguvu za farasi wangapi?"

"Wote waliopo."

Mizani alicheka, akajikuta ameweka glasi pembeni. "Farasi hulishwa, Mwalimu. Tuseme mia mbili. Injini yako haitaki zaidi ya hapo." Akachukua kipande cha boksi, akapiga hesabu kwa kalamu ya risasi: nguvu, mafuta yanayohitajika kwa saa, akagawa kwa nne, akaacha nafasi kidogo nozeli isifanye kazi bila kupumua. "Mililita mia nne kwa dakika kila moja. Zile ulizoshika ni elfu moja. Injini ikiwa imetulia zitaimwagia petroli kama mvua ya mafuriko. Moshi mweusi, plagi zimelowa, umesimama njiani."

Mwalimu aliipitia ile hesabu mstari kwa mstari.

"Unasahihisha?" aliuliza Mizani.

"Mazoea. Nafundisha hisabati. Hakuna kosa." Halafu akaongeza, "Mwandiko tu ndio mbaya."

"Toka dukani kwangu!" Lakini alikuwa anacheka.

Alimwonyesha lililokuwa baya zaidi. Alichukua kipima umeme, akagusa vichwa vya nozeli mbili zilizofanana kama mapacha. Moja ilisoma ukinzani wa omu kumi na mbili, nyingine mbili tu. "Kompyuta ya gari lako imezoea hii ya kumi na mbili. Ukiipa ya mbili, umeme mwingi unapita, na kompyuta inaungua. Zile za jirani nazijua, ni za mbili. Halafu kuna urefu, kuna mpira wa kuzibia, kuna soketi. Vyote vikubaliane, la sivyo petroli inavuja juu ya injini ya moto."

Akafunga nozeli nne kwenye mashine yake ya kupimia. Akawasha. Ukungu mwembamba ukatoka, sawasawa, ukajaza mirija minne ya kioo.

"Tazama mirija," alisema.

"Natazama."

"Mirija iko huku, Mwalimu."

Aliposhuka ngazi za duka, Mwalimu alikuwa na nozeli nne ambazo kila moja Mizani aliichonga ubavuni kwa sindano namba ya kipimo chake: 401, 402, 400, 402. Alikuwa pia na namba ya simu, ambayo alisema ni kwa ajili ya "maswali ya kiufundi."

Maswali ya kiufundi yalianza jioni ileile.

"Halo, hapo ni duka la vipuri?"

"Hii ni simu yangu, Mwalimu."

"Basi vizuri. Nina swali. Nozeli zikishafungwa, zinahitaji kusindikizwa na mtaalamu kwenda kunywa maji ya matunda?"

"Inategemea mtaalamu ameulizwa kwa heshima gani."

Siku walipokutana, Mwalimu alimpita mara mbili mlangoni mwa mgahawa bila kumtambua. Mizani alikuwa amevaa gauni la manjano lililombana kiunoni na viatu vya kisigino, nywele amezisuka nyuma. Akamwita, "Wewe! Unatafuta bwelasuti?" Mwalimu akasimama mdomo wazi. Wakakaa mpaka wahudumu wakaanza kupandisha viti juu ya meza. Alimsimulia juu ya baba yake, aliyekuwa akimpakata akamwachia ashike usukani uwanjani. Mizani naye akamsimulia miaka yake ya kwanza mtaani, wateja walipokuwa wakimuuliza fundi yuko wapi huku fundi amesimama mbele yao. Wiki tatu zikapita hivyo. Mwalimu alimwita laazizi, naye Mizani akamwita mwanafunzi wangu, na asubuhi haikuwa asubuhi bila simu.

Lakini gari lilikuwa na mwenyewe wa pili. Mjomba, kaka wa mama yake Mwalimu, fundi wa uzoefu wa miaka arobaini, ndiye aliyelinunua pamoja na shemeji yake likiwa chuma chakavu, wakalifufua. Siku Mwalimu alipompelekea zile nozeli, akisifu kila alichofundishwa na Mizani, Mjomba alizipokea kwa vidole viwili.

"Mia nne? Hizi za pikipiki."

"Zimepimwa, Mjomba. Na kompyuta imeshapangwa kuzifuata."

"Sawa, baba. Nitazifunga."

Jumamosi ya majaribio Mizani alikuwa dukani, simu ameiweka juu ya kaunta, akisubiri habari njema. Ilipolia akaipokea kwa cheko. "Haya, farasi wamekula?"

"Gari limeungua." Sauti ya Mwalimu ilikuwa kavu. "Limetoa moshi mweusi, likatetemeka, likazimika. Kompyuta imekufa. Watu wote wamecheka."

"Pole, mpenzi. Hebu subiri. Ilisoma ngapi kwenye..."

"Ulisema vyote vimekubaliana!"

"Vilikubaliana. Zitoe, usome namba nilizochonga ubavuni."

"Mjomba amezifunga kwa mkono wake. Unataka kusema mjomba wangu ni mwongo?"

"Sijasema neno juu ya mtu. Nasema soma namba."

"Labda ulitaka kuuza tu," alisema Mwalimu, na simu ikakatika.

Mizani alibaki ameishika simu sikioni. Habari mbaya ina mbawa. Kabla jua halijageuka mtaa mzima ulijua kwamba Mizani ameunguza gari la mpenzi wake. Jirani aliongeza sauti ya redio kwa furaha. Jumatatu wateja wawili waliokuwa wameagiza walipita moja kwa moja, wakijifanya wanasoma mabango. Hayo angeyavumilia. Lililomchoma ni lile neno, kuuza tu. Alijiambia hatapiga simu. Akajiambia hatatazama kama simu imepigwa. Aliigeuza kifudifudi juu ya kaunta, akaigeuza tena, mpaka mteja mmoja akamuuliza kama anachoma chapati.

Siku tisa hazikuleta hata salamu. Ya kumi, saa sita kamili mchana, watu walianza kupisha njia bila mchukuzi kupiga kelele. Mbele alikuja mzee mrefu, koti la suti limembana mabegani, kopo la biskuti kwapani. Nyuma yake Mwalimu, shati jeupe, na safari hii tai imefungwa shingoni. Macho ameyaelekeza chini.

"Wewe ndiye Mizani?" aliuliza mzee.

"Ndiye mimi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye Mjomba." Akageukia mtaa. "Jirani, punguza hiyo redio! Nataka nisikike." Redio ikapunguzwa. Watu wakasogea. Mjomba akafungua kopo, akatoa kitambaa, akakikunjua. Nozeli nne zilikuwa ndani, safi, hazijawahi kuonja petroli.

"Hizi ndizo binti huyu alizouza. Mimi sikuzifunga. Nilifunga zangu, kubwa, nilizonunua mnadani. Sikuzipima. Nilisema, miaka arobaini nashika spana, leo nifundishwe na msichana wa dukani? Nimeunguza gari la marehemu shemeji yangu kwa kiburi changu, na nikanyamaza jina la mtu likichafuka." Akamgeukia Mizani. "Mkubwa akikosa naye aseme. Nisamehe, mwanangu."

Mizani alimshika mzee mikono yote miwili. "Yameisha, Mjomba. Ingia ndani, jua kali." Akavuta kiti. Mzee akaketi, na baada ya dakika alikuwa ameinamia mashine ya kupimia akiuliza, "Na hii inafanyaje kazi?"

Mwalimu alibaki kizingitini.

"Niliifungua injini siku ya tano," alisema polepole. "Nikaona nozeli hazina namba. Nimeandika ujumbe mara ishirini, nimefuta mara ishirini."

"Kompyuta haikuniuma, unajua. Kompyuta ni kitu. Uliniambia nilitaka kuuza tu."

"Nilisema. Sina utetezi."

"Ungekuwa na utetezi ningekufukuza." Alifuta kaunta ambayo haikuwa chafu. "Siku nyingine nikizungumza, utanisikiliza mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, na baada ya mwisho nitauliza kama umebakiza."

Mizani alijaribu kununa. Uso ulikataa. "Njoo ndani, umezuia mlango wa biashara."

Walilitengeneza gari wote watatu. Kompyuta nyingine ilipatikana kwenye gari lililokufa la aina ileile, ikapangwa. Mizani akapaka mafuta kila mpira wa kuzibia, akabonyeza nozeli moja moja mpaka ikalia tiki. Mjomba alikuwa anampa spana kabla hajaomba, na kila mara aliuliza, "Tumepima?" Walipowasha, injini ilinguruma chini kwa chini, kwa utulivu, bila moshi. Mzee alitoka nje, akadai ameingiwa na vumbi jichoni.

Jumapili ya mbio, asubuhi, uwanja wa zamani wa ndege ulijaa watu na miavuli. Sheria iliruhusu kila dereva awe na msaidizi wa kusoma vipimo. Mizani alivaa tena gauni lile la manjano, na kofia ngumu juu yake, akafunga mkanda. Bendera ikashuka.

Gari liliruka. Uti wa mgongo wa Mizani uligandamana na kiti. Alikodolea macho kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli, akasoma kwa sauti: "Kumi na mbili! Kumi na moja na nusu! Kumi na moja na nusu, safi!"

"Mpenzi!" alipaza sauti Mwalimu.

"Badili gia!"

Akabadili. Gari jeusi lililokuwa ubavuni lilianza kurudi nyuma. "Mpenzi, utakubali nikuoe?"

"Tazama mbele! Kumi na moja na nusu!"

"Hilo ndilo jibu?"

"Gia, Mwalimu, gia!"

Mstari ukapita chini yao. Walikuwa wa tatu kati ya magari kumi na manne. Gari lilipunguza mwendo, likasimama mwisho wa lami, mahali majani yalipoota katika nyufa. Mikono ya Mwalimu ilikuwa bado imeng'ang'ania usukani, jasho linamtiririka.

"Sijui kama ulinisikia pale katikati."

Mizani alivua kofia. Nywele zake zilikuwa zimechafuka, na macho yalikuwa yanang'aa. Kwa mbali Mjomba alikuwa anakuja mbio, koti linapepea, anawaambia watu wote njiani kwamba yule ni mpwa wake na yule ni fundi wao.

"Nilisikia neno kwa neno."

"Kwa nini hukujibu?"

"Kwa sababu nilitaka kujibu gari likiwa limesimama, usije ukasema baadaye ni kelele za injini." Akamshika kidevu, akamgeuza. "Ndiyo. Nimekubali. Sasa zima gari, kabla mjomba wetu hajafika akaanza kulia tena."

Alisema wetu, na Mwalimu alilisikia hilo neno kabla hajakumbuka kuzima injini.