Hela Ishirini kwa Kila Rupia

Modesta alishuka mlimani asubuhi na tenga la maharage kichwani. Kiunoni alifunga hela za shaba mia tatu na kumi.

Kesho yake ilikuwa siku ya kodi. Akida, mtoza kodi wa serikali ya Mdachi, alitaka rupia tatu za fedha. Asiyelipa alipelekwa kuchimba barabara ya Mdachi. Mwaka uliopita alipelekwa Agustino, mume wa Modesta, akarudi anakohoa damu.

"Safari hii haendi," Modesta alimwambia dada yake, Theresia, aliyeshuka naye na tenga lake. "Hata kidogo!"

Rupia moja ilikuwa hela mia. Modesta aliona zinatosha.

Mjini Morogoro, Tajiri Salum, mwenye duka, aliwapa chumvi waonje. Kisha akasogeza karatasi.

"Weka kidole hapa, mama. Nitakubadilishia hela zako ziwe rupia."

"Weka tu," Theresia alinong'ona. "Tumeonja chumvi yake, tutamhojije?"

Aibu hiyo imetumaliza sisi watu wa Uluguru! Mtu anakupa chumvi kiganjani, nawe unamwachia mfuko wako. Inaniudhi mpaka leo.

Modesta aliichukua karatasi, akavuka njia. Kibarazani alikaa Kibwana, fundi wa kushona kanzu. Zamani alikuwa karani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Lete nione."

Kibwana alisoma, akaguna.

"Ukimpelekea rupia, anakupa hela tisini. Ukitaka rupia, anakutoza hela mia na kumi. Pesa ni ile ile, bei mbili. Katikati kuna hela ishirini. Hiyo ndiyo tofauti ya bei, na inabaki kwake."

"Kwa kila rupia?"

"Kila rupia. Halafu kuna ada ya karatasi, hela kumi. Na hapa ameandika: 'na gharama nyingine, kama tajiri atakavyoona.'"

"Ataona nini?"

"Atakachotaka. Hilo ndilo baya kuliko yote. Kila tozo iandikwe jina lake, kiasi chake, na inalipwa lini. Isiyo na kiasi usiikubali."

Modesta alipiga hesabu. Hela mia tatu na arobaini! Alipungukiwa thelathini, na kwa maharage Salum alitoa chumvi tu, si hela. Agustino angekwenda barabarani. Hasira zikampanda.

Alirudi dukani. Wanawake kumi na matenga yao walikuwa wakingoja.

"Tajiri, tofauti yako ni hela ishirini. Sitaki. Na hiyo 'kama atakavyoona' ifute."

"Wewe mwanamke, nani kakufundisha?"

"Futa! La sivyo maharage haya narudi nayo mlimani."

Theresia naye akajitwisha tenga lake. "Na mimi."

Wengine wakajitwisha pia. Salum aliwatazama. Kambi ya reli ilikuwa inamdai magunia ishirini ya maharage jioni ile.

"Haya, haya! Tueni, jamani!"

Kibwana aliitwa, akaandika upya: kununua rupia, hela tisini na nane, kuuza, mia na mbili. Tofauti hela nne. Ada nyingine hakuna. Akaisoma kwa sauti, mara mbili, wote wakasikia. Ndipo Modesta akaweka kidole. Alitoa hela mia tatu na sita, akapokea rupia tatu.

Kodi ya Mdachi ilikuwa dhuluma, na ilibaki dhuluma. Lakini kesho yake Modesta alimlipa akida, na askari walipopita kukusanya watu wa barabara, Agustino alisimama mlangoni na cheti cha kodi mkononi.

"Huyu kalipiwa," askari alisema.

"Nimelipa mimi," alijibu Modesta. "Piteni."